Mashine ni Yako, Waya ni wa Wote

1. Neno lililo juu ya barua

Barua za ofisi hufika vijijini mara kwa mara. Moja hutoka kwa Mkuu wa Wilaya, nyingine hutoka hospitali, nyingine hutoka shule ya sekondari. Ukipata barua ya namna hiyo, usianze na habari yenyewe. Soma kwanza maneno yaliyo juu kabisa ya karatasi.

Utaona S.L.P., yaani Sanduku la Posta. Utaona neno Simu na namba yake. Katika barua nyingi, hasa za miaka iliyopita, utaona pia neno la tatu. Neno hilo ni Nukushi.

Nukushi ni nini? Watu wengi huiita faksi. Ni mashine ya ofisini ambayo hupeleka karatasi kwa njia ya simu. Karatasi yenyewe haiendi popote. Hubaki mkononi mwa aliyeituma. Kinachokwenda ni sura ya karatasi hiyo: maandishi yake, sahihi yake, muhuri wake na hata mchoro wake.

Katika somo hili tutajifunza mambo matatu. Tutaona jinsi mashine hii inavyofanya kazi. Tutaona jinsi ya kuifunga ofisini. Na tutaona kwa nini sheria haimruhusu mtu kuunganisha kitu chochote anachotaka kwenye waya wa simu. Sheria hiyo inatuhusu sote, hata sisi tusio na nukushi. Sababu yake tutaiona mwishoni.

2. Jinsi karatasi inavyosafiri

Kutoka Iringa mpaka Mbeya ni safari ya karibu kilomita 330. Basi hupita Ifunda, Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala na Uyole kabla ya kuingia Mbeya mjini. Zamani, barua iliyowekwa posta Iringa ilipita njia hiyo hiyo. Ilichukua siku kadhaa kufika mkononi mwa mwenyewe.

Mtu mwenye haraka aliweza kupiga simu. Lakini maneno ya simu hayabaki. Ukiweka chini mkono wa simu, huna ushahidi wa ulichoambiwa. Aliweza pia kupeleka simu ya maandishi, lakini hiyo ililipiwa kwa kuhesabu maneno, na haikuwa na sahihi wala muhuri.

Nukushi iliunganisha faida za vyote viwili. Ina haraka ya simu na ina ushahidi wa barua.

Wazo la nukushi ni la zamani kuliko simu yenyewe. Mwaka 1843 fundi saa mmoja wa Scotland, jina lake Alexander Bain, alipata hati ya uvumbuzi wa chombo cha kupeleka sura ya maandishi kwa waya wa umeme. Simu ya kuongea ilipata hati yake mwaka 1876, yaani miaka 33 baadaye. Lakini kwa muda mrefu mashine za namna hii zilikuwa kubwa na ghali. Pia mashine ya kiwanda kimoja haikuelewana na mashine ya kiwanda kingine. Mwaka 1980 wataalamu wa simu wa mataifa mengi walipatana juu ya kipimo kimoja. Tangu hapo mashine za viwanda mbalimbali ziliweza kuelewana. Katika miaka ya 1980 na 1990 nukushi zilienea katika ofisi za dunia nzima, na zikafika Mbeya na Iringa pia.

Sasa tuangalie inavyofanya kazi. Umeona fundi akijenga nyumba ya matofali. Hajengi ukuta wote kwa mara moja. Hupanga mstari wa kwanza wa matofali, kisha wa pili, kisha wa tatu, mpaka ukuta umekwisha.

Nukushi hufanya vivyo hivyo. Unaingiza karatasi. Taa iliyo ndani ya mashine humulika mstari mwembamba wa karatasi hiyo. Kuna kama jicho ndani yake. Jicho hilo hugawa mstari katika nukta 1,728. Kila nukta ni nyeupe au nyeusi. Ukimaliza mstari mmoja, karatasi husogea kidogo na mstari mwingine husomwa. Katika kila milimita ya karatasi kuna mistari karibu 4. Kwa hiyo ukurasa mmoja wa kawaida una mistari zaidi ya 1,000.

Mashine hugeuza habari hizo kuwa sauti. Ukiweka sikio kwenye simu utasikia milio ya ajabu. Sauti hizo hupita kwenye waya kama maongezi yanavyopita. Mashine ya upande wa pili husikiliza, na huchora mistari ile ile kwenye karatasi yake. Kwa mashine iliyofuata kipimo cha mwaka 1980, ukurasa mmoja huchukua karibu dakika moja.

Kumbuka jambo moja hapa. Nukushi haijui kusoma. Haijui A wala B, haijui 1 wala 7. Inajua nyeusi na nyeupe tu. Mstari ukipotea njiani, mashine haiwezi kujua kwamba umepoteza kitu gani.

3. Mifuko mia saba

Tuchukue mfano. Huu ni mfano tu, lakini unaonyesha mambo yanayoweza kutokea.

Tuseme ni mwaka 1996. Chama cha wakulima wa mahindi kina ofisi yake Mbeya mjini. Wamepatana na wenzao wa Iringa kununua mbolea ya kupandia kwa pamoja, ili bei ipungue. Malipo yatafanywa mbolea ikifika. Mwezi wa Oktoba wanachama wa Mbeya wamejiandikisha, na jumla yao ni mifuko 700.

Ofisi ina nukushi mpya. Ina laini moja ya simu. Mwenyekiti alitaka simu nyingine katika chumba chake. Kuomba simu ya pili kwa njia ya halali kulihitaji muda na fedha. Basi akaitwa kijana wa mtaani. Kijana alichuna waya wa simu nje ya ukuta, akaunganisha waya mwingine, akafunga mahali hapo kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Kazi ilikwisha kwa nusu saa. Simu ya chumba cha Mwenyekiti ikalia vizuri.

Siku ya kutuma maombi, mvua ndogo ilikuwa imenyesha usiku. Katibu aliandika kwa mkono: "Tunaomba mifuko 700." Akaingiza karatasi. Mashine ikalia, karatasi ikapita, na ripoti ikatoka. Ripoti ilisema barua imefika. Katibu akaifungia kwenye jalada.

Mwezi wa Novemba lori likaja. Lilikuwa na mifuko 100.

Wanachama walikuwa wakisubiri nje tangu asubuhi. Mama Mweka Hazina alimwita Katibu pembeni.

"Ndugu Katibu, tumeandikisha mifuko mia saba. Mifuko mia sita iko wapi?"

"Mama, mimi niliandika mia saba. Karatasi hii hapa, itazame mwenyewe."

"Na wenzetu wa Iringa wanasema nini?"

"Wanasema tuliandika mia moja. Wanayo karatasi yao."

Maneno yakawa makali. Wengine walisema Katibu ameuza mbolea. Wengine walisema watu wa Iringa si waaminifu. Mvua za kupandia zilikuwa zimeanza, na mvua haingoji mkutano. Wanachama wengi walipanda bila mbolea mwaka ule.

Baada ya siku chache Katibu wa Iringa alikuja na karatasi yake. Wakaziweka mbili mezani, moja kando ya nyingine. Karatasi ya Mbeya ilisema 700. Karatasi ya Iringa ilisema 100. Hakuna aliyedanganya.

Fundi wa simu akaitwa. Ni mtu mzima, na alizisalimu kwanza nywele nyeupe za Mwenyekiti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mashine yetu imetuponza."

"Mzee, mashine yenu ni nzima. Njoo nikuonyeshe ugonjwa uliko."

Akampeleka nje ya ukuta. Akafungua kile kipande cha plastiki. Maji yalikuwa yameingia, na shaba imeota kutu ya kijani. Maji yakiingia kwenye kiungo, laini hupiga kelele. Mtu anayeongea kwa simu husema tu, "Rudia, sikusikia." Nukushi ya namna ile haikuweza kusema hivyo. Kelele ilipotokea, mistari michache ya karatasi ilipotea. Mistari iliyopotea ilikuwa ile ya juu ya tarakimu 7. Ondoa mstari wa juu wa 7, utabaki na kijiti kilichoinama. Kijiti hicho mtu wa Iringa alikisoma kuwa 1.

"Lakini ripoti ilisema imefika!" alisema Katibu.

"Ni kweli, ndugu yangu, ilifika," alijibu fundi. "Ripoti inakuambia karatasi imefika. Haikuambii imefika na maneno gani."

Kisha akaongeza: "Na kama ungeandika mia saba kwa maneno, kando ya tarakimu, msingegombana. Kelele inaweza kula mstari wa juu wa saba. Lakini si rahisi igeuze neno saba kuwa moja."

4. Waya wa simu una nini ndani

Ili tuelewe sheria, lazima tujue kwanza waya wa simu ni kitu gani.

Simu ya mezani ya kawaida huletwa na nyaya mbili za shaba. Nyaya hizo hutoka kituo cha simu, hupita kwenye nguzo au chini ya ardhi, na huingia ofisini. Ndani yake mna umeme mdogo wa volti karibu 48. Umeme huo hutoka kwenye betri za kituo cha simu. Ndiyo sababu simu ya mezani ya kawaida huweza kufanya kazi hata umeme wa mji ukikatika. Nukushi ni tofauti. Yenyewe huhitaji pia umeme wa ukutani. Umeme wa mji ukikatika, nukushi hunyamaza.

Simu inapolia, umeme mwingine wenye nguvu zaidi hupita kwenye nyaya zile zile. Kwa hiyo usishike waya wa simu uliochunwa ukadhani hauna kitu.

Ukinyanyua mkono wa simu, kituo huona kwamba laini yako imefunguka. Hukupa mlio wa kukuruhusu kupiga. Ukiuweka chini, kituo huona kwamba umemaliza. Hesabu ya malipo husimama, na laini huwa tayari kwa mwingine.

Karibu na ofisi yako, nyaya zako hukutana na nyaya za majirani. Zote hulala pamoja katika mkonga mmoja mnene: laini ya zahanati, laini ya polisi, laini ya duka. Hapo ndipo penye jambo kubwa la somo hili.

5. Kwa nini kuna masharti

Mtu anaweza kuuliza: "Mashine nimenunua kwa fedha yangu. Ofisi ni yangu. Kwa nini niombe ruhusa?"

Jibu ni hili. Mashine ni yako, lakini waya unakwenda kwa watu wengine. Fikiria watu watatu.

Mtu wa kwanza ni fundi aliye juu ya nguzo. Anajua kwamba waya wa simu una umeme mdogo. Anaushika kwa mikono yake. Kama mashine mbovu ofisini kwako inavujisha umeme wa ukutani wa volti 230 kuingia kwenye waya wa simu, fundi huyo anaweza kufa.

Mtu wa pili ni jirani yako. Mashine inayotoa sauti yenye nguvu kupita kiasi husikika mpaka kwenye waya wa jirani. Mganga wa zahanati anapiga simu ya kuomba gari la wagonjwa, naye anasikia milio ya nukushi yako.

Mtu wa tatu ni yule anayekupigia. Mashine mbovu isiyofunga laini baada ya kumaliza kazi huifanya simu yako ionekane ina mtu siku nzima. Nawe unaendelea kuhesabiwa malipo ya maongezi ambayo hayapo.

Nchi nyingine nazo zilipita njia hii. Huko Marekani, kwa miaka mingi kampuni kubwa ya simu ilikataza watu kuunganisha chombo chochote ambacho si chake. Bwana mmoja wa Texas, Thomas Carter, alitengeneza chombo cha kuunganisha simu ya upepo na simu ya kawaida. Kiliwafaa watu wanaofanya kazi mbali na waya wa simu. Kampuni ilikikataa. Mwaka 1968 serikali ya Marekani iliamua kwamba mtu anaweza kuunganisha chombo chake, ilimradi kisiudhuru mtandao wa simu. Baadaye ukawekwa utaratibu wa kuvipima na kuviandikisha vyombo hivyo. Maana yake ni kwamba sheria nzuri hailindi biashara ya kampuni. Inalinda watu wanaotumia waya mmoja.

6. Sheria yetu ilivyokua

Katika Tanzania mambo yalikwenda hivi.

Mpaka mwaka 1977 simu zetu zilikuwa chini ya shirika la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka huo, Tanzania iliunda Shirika lake la Posta na Simu. Shirika hilo moja lilipeleka barua, lilifunga simu na lilitoa ruhusa za vyombo. Laini zilikuwa chache, na watu wengi walisubiri muda mrefu sana kupata simu.

Mwaka 1993 zilitungwa sheria mpya. Kazi za Posta na kazi za Simu zikatenganishwa. Kazi ya simu ikachukuliwa na Kampuni ya Simu Tanzania, ambayo wengi huijua kwa jina la TTCL. Mojawapo ya sheria hizo iliunda Tume ya Mawasiliano. Tangu hapo anayeuza huduma ya simu na anayesimamia sheria wakawa watu wawili mbalimbali.

Mwaka 2003 ikatungwa sheria ya kuunda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, ichukue kazi ya Tume. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta. Na sheria ya mwaka 2017 iliigeuza TTCL kuwa Shirika la Mawasiliano Tanzania.

Majina yamebadilika, lakini masharti makubwa ni mawili. Kwanza, chombo kinachounganishwa kwenye mtandao lazima kiwe kimethibitishwa. Pili, anayefanya biashara ya kuvifunga na kuvitengeneza vyombo hivyo lazima awe na leseni. Mamlaka ina ofisi ya kanda Mbeya kwa ajili ya Nyanda za Juu Kusini. Mwananchi mwenye swali au malalamiko anaweza kwenda huko.

7. Hatua za kufunga nukushi

Siku hizi nukushi zimepungua sana, lakini bado zipo ofisi zinazoitumia. Kama ofisi yenu inaihitaji, fuateni hatua hizi.

Hatua ya kwanza: Ombeni laini. Nendeni kwenye ofisi ya shirika la simu. Elezeni kwamba laini ni ya nukushi. Ni muhimu kusema hivyo, kwa sababu sasa laini nyingi hazipiti tena kwenye shaba. Kuanzia mwaka 2009 serikali imejenga Mkongo wa Taifa, ambao hupeleka habari kwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo. Mashine za zamani zilitengenezwa kwa waya wa shaba, na si kila laini mpya inazifaa.

Hatua ya pili: Nunueni mashine iliyothibitishwa. Mwulizeni muuzaji uthibitisho wake. Dai risiti. Mashine rahisi isiyo na uthibitisho inaweza kuwa ghali kesho.

Hatua ya tatu: Chagueni mahali. Pawe pakavu, pasipo jua kali wala vumbi. Pawe karibu na soketi ya umeme na karibu na tundu la simu. Nyaya zisipite mlangoni ambako watu watazikanyaga.

Hatua ya nne: Hakikisheni soketi ya umeme ina waya wa ardhi unaofanya kazi. Waya huo hupeleka ardhini umeme uliovuja, usimpige mtu.

Hatua ya tano: Iteni fundi mwenye leseni. Waya unaotoka nje huishia kwenye kisanduku kidogo ukutani. Waya ulio nje ya kisanduku ni wa shirika. Usiuguse, hata kama umekatika. Ukiona umeanguka, toa habari. Ulio ndani ni wa kwenu, nanyi mnapaswa kuutunza. Nukushi iwe na waya wake kutoka kwenye kisanduku hicho. Msiweke simu nyingine kwenye waya huo bila kumwuliza fundi. Mtu akinyanyua simu ya pili wakati karatasi inapita, karatasi huharibika.

Hatua ya sita: Ingizeni tarehe, saa, jina la ofisi na namba ya simu kwenye mashine. Maneno hayo huchapwa juu ya kila ukurasa unaotumwa. Anayepokea atajua umetoka wapi. Namba iandikwe kamili. Kwa utaratibu wa sasa namba za simu za mezani za Mbeya huanza na 025, na za Iringa huanza na 026.

Hatua ya saba: Jaribuni. Andikeni tarakimu zote, tangu 0 mpaka 9, kwenye karatasi. Ipelekeni kwa ofisi nyingine. Kisha pigeni simu, wawasomee walichopata. Wakisoma sawa, laini ni nzuri. Fanyeni hivyo tena baada ya mvua.

Hatua ya nane: Jihadharini na radi. Katika Nyanda za Juu radi ni nyingi wakati wa masika. Radi huweza kuingia kwa njia mbili: waya wa umeme na waya wa simu. Mawingu yakikusanyika, chomoa zote mbili. Kuchomoa plagi ya umeme peke yake hakutoshi. Ukichelewa na radi imeshaanza, usiziguse nyaya. Kaa mbali nazo mpaka itulie.

Jambo la mwisho ni utunzaji wa karatasi. Mashine nyingi za zamani hutumia karatasi laini ya roli, inayoandikwa kwa joto. Maandishi yake hufifia, hasa ikiwekwa juani. Mkataba au risiti iliyokuja kwa karatasi hiyo itolewe nakala mara moja, na nakala hiyo ndiyo iwekwe kwenye jalada. Usije ukafungua jalada baada ya miaka michache ukakuta karatasi nyeupe.

8. Simu iliyo mfukoni mwako

Mwanzoni tulisema sheria hii inatuhusu sote. Sasa tuone.

Simu ya mkononi nayo ni chombo kilichounganishwa kwenye mtandao wa wote. Haina waya, lakini hutumia mawimbi ya redio, na mawimbi hayo ni mali ya taifa zima. Kwa hiyo nayo lazima iwe imethibitishwa.

Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu bandia zilizimwa katika Tanzania nzima. Watu wengi walijikuta wameshika chombo kisichoita wala kuitika. Walikuwa wamenunua kwa bei rahisi, mara nyingi bila risiti, wakapoteza fedha zao.

Kila simu halali ina namba yake tambulishi ya tarakimu 15. Ukibonyeza *#06# namba hiyo huonekana. Mwaka ule wananchi walielekezwa kuituma namba hiyo kwa ujumbe kwenda 15090, ili wajibiwe simu ni ya aina gani. Jina lililotokea katika jibu likitofautiana na jina lililoandikwa kwenye simu, simu hiyo ilikuwa na mashaka.

Angalia, ndugu msomaji. Aliyejua kusoma tarakimu 15 na kulinganisha majina mawili aliweza kujilinda kabla hajatoa fedha yake. Asiyejua alilazimika kumwamini muuzaji. Kama vile wale wakulima katika mfano wetu, kosa la tarakimu moja lilikuwa na bei yake.

Kwa hiyo kama ni nukushi ya ofisi au simu ya mfukoni, uliza maswali yale yale. Je, chombo hiki kimethibitishwa? Nani anakifunga? Kitamdhuru nani kikiwa kibovu? Na unapoandika hesabu ya kupeleka mbali, andika kwa tarakimu, kisha andika na kwa maneno.

Mambo ya kukumbuka

1. Nukushi hupeleka sura ya karatasi kwa njia ya simu.
2. Ripoti ya mashine si uthibitisho kwamba maneno yamefika sawa. Piga simu uhakikishe.
3. Waya ulio nje ya kisanduku si wako. Usiuchune, usiuunganishe.
4. Tumia chombo kilichothibitishwa na fundi mwenye leseni.
5. Radi ikikaribia, chomoa waya wa umeme na waya wa simu.
6. Andika hesabu kwa tarakimu na kwa maneno: mifuko 700 (mia saba).

Maneno mapya

Kuthibitisha chombo: kukipima na kukikubali kwamba hakina madhara.
Leseni: ruhusa ya maandishi ya kufanya kazi fulani.
Mkonga: waya mnene wenye nyaya nyingi ndani yake.
Nukta: alama ndogo sana ya duara.
Jalada: faili la kuwekea barua.

Maswali ya majadiliano

1. Katika mfano wetu, mifuko 600 ya mbolea ilikosekana. Nani alikosea? Je, alikuwa mmoja tu?
2. Kwa nini sheria inajali chombo ulichonunua kwa fedha yako mwenyewe?
3. Tafuta barua yoyote ya ofisi. Soma maneno yaliyo juu yake. Je, neno Nukushi lipo?
4. Bonyeza *#06# kwenye simu yako, au ya jirani kwa ruhusa yake. Soma namba kwa sauti, tarakimu moja moja. Iandike katika daftari lako, kisha mwombe mwenzako aihakikishe.